UZI: Skani ya wiki ya 11 mpaka 13, mbona tunangoja hadi miezi mitano?

Sonografa_wa_Mtaa

Watu wangu habari. Mimi ni sonografa, nafanya kazi upande wa Eastlands, na hii maneno imenikaa kwa roho muda sasa. Mama anaingia, tumbo limeshatoka, nikimuuliza hii ni skani ya ngapi ananiambia ya kwanza. Miezi mitano, sita, wengine saba. Nikiuliza mbona, naambiwa ati mtoto alikuwa bado mdogo hangeonekana, ama alikuwa anangoja jinsia ndio alipe mara moja tu, ama hakutaka watu wa ploti wajue mapema. Yote naelewa, pesa Nairobi haiokotwi. Lakini kuna vitu skani ya miezi mitano haiwezi kukuambia tena hata upelekwe kwa mashini mpya kushinda zote, wakati wake unakuwa umepita, na wengi hakuna mtu aliwahi kuwaambia.

Tuanze na tarehe ju ndio watu huchukulia kama kitu kidogo. Mtoto kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza hukua kwa mwendo unaokaribiana sana, mama awe mwembamba awe mnene, awe wa Kibera ama wa Karen. Kwa hivyo tukimpima kutoka kichwani hadi makalioni, ile kwa ripoti imeandikwa CRL, tunakupa umri wa mimba na tukikosea tunakosea kwa siku tano hadi saba hivi. Ukija wiki ya 30 na kitu kila mtoto ameshachukua mwili wake, kuna wa familia ya watu wakubwa na wa familia ya watu wadogo, hapo kosa linaweza kufika wiki tatu mbele ama nyuma.

Sasa chukua mama ametoka kwa sindano ya kupanga uzazi, period hazijarudi, anashika mimba hapo katikati bila kuona hata moja. Hedhi ya mwisho hajui, kwa kijitabu wanaandika tarehe ya kukisia. Anakuja kwangu kijitabu kinasema wiki 34, mimi napima mtoto wa wiki 30. Huyu mtoto hapati chakula vizuri kwa plasenta ama mimba ni changa tu kuliko tulivyodhani? Moja ni dharura, ingine ni kurudi nyumbani. Kama angekuwa na skani moja ya wiki ya 12 kwa mkoba ningejibu hapo hapo. Bila hiyo inabidi arudi baada ya wiki mbili tuone kama ameongezeka, na hizo wiki mbili halali usingizi.

Halafu kuna ile kipimo cha shingo, NT. Hiyo inafanywa mtoto akiwa na urefu wa milimita 45 hadi 84, yaani wiki ya 11 hadi siku ya mwisho ya wiki ya 13, basi. Kila mtoto wakati huo ana maji kidogo chini ya ngozi ya nyuma ya shingo, kwa skrini unaona kamstari keusi kati ya mistari miwili myeupe. Hayo maji yakizidi, yakifika milimita 3.5 kwenda juu, tunaanza kufikiria mambo ya kromosomu kama trisomi 21, hiyo ndio Down syndrome, pia 18 na 13, na shida za moyo. Wiki ya 20 kamstari hako hakana maana tena hata tukitaka kukapima.

Na sio kazi ya dakika mbili. Mtoto lazima alale tumuone kwa upande, shingo isiwe imekunjwa wala kuinuliwa sana, tunamkuza mpaka kichwa na kifua vijaze skrini kwa sababu tunapima sehemu za kumi za milimita. Akikupa mgongo unamwambia mama akohoe, ageuke, aende atembee huko nje akunywe kitu arudi. Kwa hivyo ukiona sonografa anakusumbua ati simama, lala, geuka, anafanya kazi yake vizuri. Wa kuogopa ni yule anakuandikia NT kabla mtoto hajageuka.

Ulizeni maswali, nitajibu nikitoka shift.

Mama_Mtarajiwa_Donholm

Asante sana kwa huu uzi daktari, aki umekuja wakati nakuhitaji. Nilianza kuona damu kidogo tu ya rangi ya kahawia nikaenda skani mahali hapa karibu na stage. Kwa hesabu yangu nilikuwa wiki 8. Wakaniambia mfuko wa mimba uko lakini hakuna mtoto ndani, wakaandika blighted ovum, mfuko milimita 14, nikapewa siku ya kurudi kusafishwa. Skani ilikuwa ya juu ya tumbo. Sijaenda bado, mume wangu anasema twende tumalize, mama yangu anasema ningoje. Sijui nishike la nani. Period zangu huruka, wakati mwingine zinakaa hata siku 45.

Sonografa_wa_Mtaa

Pole sana mamaa. Mimi sijakuona kwa hivyo siwezi kukuambia mimba iko sawa ama haiko, usichukue haya kama ahadi. Lakini kwa hiyo milimita 14 peke yake hakuna mtu anafaa kukusafisha. Vipimo ambavyo madaktari wanatumia kusema mimba imeharibika kwa skani moja ni hivi, kwa skani ya ndani, yaani ile inapitia ukeni, mfuko wa mimba uwe umefika milimita 25 na hakuna mtoto ndani, ama mtoto awe amefika milimita 7 na moyo haupigi. Chini ya hapo unarudia baada ya siku 7 hadi 14. Hivi vipimo viliwekwa juu makusudi, kwa sababu zamani vilikuwa chini na kuna watoto wazima waliondolewa.

Pia angalia hesabu yako. Period ya siku 45 inamaanisha yai linatoka kwa kuchelewa, kwa hivyo wiki 8 za kalenda zinaweza kuwa wiki 6 za ukweli. Mfuko wa milimita 14 unaendana na wiki 6 na kidogo, na hapo si ajabu mtoto asionekane kwa skani ya juu.

Nenda hospitali yenye daktari wa kina mama, omba skani ya ndani, na hiyo ripoti ya kwanza uende nayo usiiache nyumbani. Na usingoje hiyo siku kama damu imeongezeka, ama una maumivu makali upande mmoja, kizunguzungu, ama maumivu kwa ncha ya bega. Ukisikia hayo ni hospitali usiku huo huo, kwa sababu mimba iliyotungwa nje ya mfuko wa uzazi ikipasua mrija unavuja damu ndani bila kuiona nje.

Achieng_wa_Komarock

Mimi nilipitia hiyo ya kurudia skani. Ya pili pia haikuonyesha kitu, mfuko ulikuwa haujasonga. Nililia sana lakini nilikubali kusafishwa nikijua hakuna kitu nimekatiza. Sista hata jibu likiwa baya rudia tu, utakuja kunielewa.

Mama_Watano_Dagoretti

Watoto wangu mimi nimezaa watano, wawili nyumbani, hakuna hata mmoja aliingia kwa hiyo mashini na wote wako wazima. Sai msichana akikosa period wiki moja anakimbia skani. Hiyo miale si inachoma mtoto akiwa bado damu? Kwetu tulikuwa tunaambiwa mtoto asichunguliwe.

Sonografa_wa_Mtaa

Mama shikamoo, na tunamshukuru Mungu kwa hao watano. Hofu yako wengi wanayo hata hawa wadogo ila hawasemi. Hii mashini haitoi miale kama ya eksirei. Ni sauti, sauti ya juu sana ambayo sikio halisikii, inaingia, inagonga mtoto, inarudi kama mwangwi, kompyuta inachora picha. Ilianza kutumika kwa kina mama huko Glasgow, daktari Ian Donald na wenzake wakaandika mambo yake 1958, kwa hivyo watoto wa kwanza kuonekana nayo sai wako miaka sitini na kitu. Uko sahihi kwa kitu kimoja lakini, haifai kutumiwa ovyo. Kuna ile ya doppla ya kusikiza mapigo, hiyo ina nguvu zaidi na kwa mimba changa hatuiwashi bila sababu, kuandika mapigo ya moyo kuna njia nyepesi. Kwa hivyo msiombe tuwachezee sauti ya moyo mkiwa wiki 7 ndio mrekodi kwa simu, tafadhali.

Na mama, kwa heshima, wale hawakurudi kutoka leba wakati huo hawako hapa kutuambia yao.

Mama_Watano_Dagoretti

Hapo kweli. Dada yangu alienda na mimba ya tatu, presha. Endelea kuwafundisha.

Baba_Roysambu

Sasa daktari ongea na sisi wa mfuko. Mke wangu ako wiki 9. Nina pesa ya skani moja, nikijikaza sana mbili lakini ya pili itakuwa mbali. Nimpeleke lini? Na hii SHA, bima ya afya ya serikali, inasaidia ama ni kulipa cash?

Nesi_wa_Kliniki

Naomba nijibu hii kwa sababu mimi ni nesi wa kliniki ya kina mama na hapa naona tofauti kidogo na sonografa. WHO tangu 2016 wanasema skani moja kabla ya wiki ya 24, hicho ndicho kiwango cha chini kwa kila mama. Kama ni moja tu mimi ningesema ngoja wiki ya 18 hadi 22. Hapo unaona mgongo, vyumba vya moyo, figo, midomo, plasenta imekaa wapi. Wiki ya 12 hivyo vingi bado ni vidogo. Na kitabu chetu kinataka mama aanze kliniki kabla ya wiki 12, aonekane mara nane mpaka kujifungua, hiyo haingoji skani. Damu, HIV, kaswende, kundi la damu, vidonge vya madini ya chuma na foliki, hivyo vyote ni vya mapema na ndivyo vinaokoa wengi. Nisingependa mtu asome hapa akimbilie skani aruke kliniki.

SHA, kaka, ilichukua mahali pa ile bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024. Jisajilini nyote wawili sasa hivi, msingoje leba. Kuhusu skani uliza kwa hospitali yenyewe kabla ya kupanga foleni, waambie wakuonyeshe ni nini kinalipiwa na nini unatoa mfukoni. Hospitali za umma zenye skani hapa Nairobi ziko, Pumwani, Mama Lucy, Mbagathi, Kenyatta, ila utatakiwa uwe na barua kutoka kliniki na uamke mapema.

Sonografa_wa_Mtaa

Nesi umesema ukweli na kwa kliniki niko na wewe mia kwa mia. Kwa skani acha nishikilie upande wangu kidogo. Mama ambaye period zake zinakuja kama saa, anajua tarehe, hana ugonjwa, ni miaka 24, akiwa na pesa ya moja basi wiki ya 20 ni sawa, sitabishana. Lakini hao si wengi wa wale wanakuja kwangu. Kuna aliyetoka kwa sindano, kuna anayenyonyesha na akashika mimba, kuna ambaye period zinaruka, kuna aliyewahi kupoteza mimba ama kupata mimba nje ya kizazi, kuna wa miaka 35 kwenda juu, kuna mwenye presha ama sukari. Hao wote nasema waje wiki ya 12. Tena wiki ya 12 si ati hatuoni kitu, mtoto asiye na fuvu la kichwa anaonekana, ukuta wa tumbo ukiwa wazi unaonekana, mimba zabibu, ile plasenta inaota vibaya kama vichala vya zabibu, inaonekana hata mapema zaidi. Na mapacha!

Baba_Roysambu nijibu, mkeo anajua hedhi yake ya mwisho?

Baba_Roysambu

Anasema ni mwisho wa mwezi, hana uhakika. Alikuwa bado ananyonyesha kifungua mimba wetu.

Sonografa_wa_Mtaa

Basi wiki ya 12, na anza kuweka kidogo kidogo ya wiki ya 20.

Mapacha_Umoja

Umetaja mapacha mimi nikaruka. Wangu walionekana wiki ya 12 na yule dada wa skani alizunguka pale muda mrefu anatafuta kitu, nikaingiwa na baridi nikijua ni ubaya. Kumbe alikuwa anaangalia kama wanashare plasenta. Baadaye daktari akaniambia hiyo ripoti ndio imepanga kliniki yangu yote, nilikuwa naitwa kila wiki mbili.

Sonografa_wa_Mtaa

Huyo dada anajua kazi. Pale ukuta mwembamba unaotenganisha mapacha unakutana na plasenta, ukiona nyama ya plasenta imepanda katikati kama kilele, kila mtoto ana plasenta yake. Ukuta ukisimama mwembamba wima kama herufi T, wanatumia moja. Na wanaotumia moja, kwa mimba 10 hivi moja ama moja na kitu damu inaweza kuanza kuhama kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwenzake, huyu anakauka, yule anajaa maji. Ndio maana ya kuitwa kila wiki mbili. Mimba ikikua hiyo ishara inapotea, mwezi wa sita unabaki kubahatisha.

Mama_Jasiri_Langata

Mimi ndio ile NT kubwa. Nilikuwa na miaka 39. Milimita 4.1. Nataka kuandika hii kwa sababu watu wakisikia "screening" wanadhani unaambiwa ndio ama hapana. Huambiwi hivyo. Niliambiwa nafasi yangu ni 1 kwa 12. Mume wangu akasikia mtoto ni mgonjwa, mimi nikasikia 11 kati ya 12 wako sawa, tulikaa kwa gari hapo parking bila kuwasha, kila mtu na hesabu yake.

Tukapewa mambo matatu, tusifanye kitu tungoje, tufanye testi ya damu ya DNA ya mtoto, ama daktari atoe maji ya mimba kwa sindano baada ya wiki 15, hiyo ya sindano ndio inajibu kabisa. Tulifanya ya damu kwanza, ghali sana, harambee ya familia. Ikarudi juu. Tukafanya ya sindano, ikasema trisomi 21.

Tuliendelea na mimba, huo ulikuwa uamuzi wetu na sisemi kila mtu afanye wetu. Binti yetu ako. Ananyonya kidole gumba cha kushoto tu, cha kulia hataki hata umpatie, na akisikia mlango anatambaa anapiga makofi. Kile skani ya wiki ya 12 ilitufanyia ni muda. Karibu nusu ya watoto wenye Down wana shida ya moyo, tuliambiwa hivyo mapema, moyo wake ukaangaliwa akiwa bado ndani, tukachagua mahali pa kujifungulia penye daktari wa moyo wa watoto, na siku ya kwanza alikuwa kwa mikono ya watu wanaomjua. Kwa wodi kulikuwa na mama mwingine aliyepata habari hizo hizo akiwa ametoka kujifungua, amechoka, hana hata mtu wa kumshika mkono. Sitaki mtu mwingine aambiwe hivyo.

Nesi_wa_Kliniki

Mama Jasiri nimesoma mara mbili. Barikiwa.

Kijana_wa_Pipeline

Swali, mke wangu ni miaka 23, hiyo ya Down si ni ya wamama wakubwa?

Sonografa_wa_Mtaa

Umri unapandisha, ndio, ukiwa 35 ni karibu 1 kwa 350, ukifika 40 ni karibu 1 kwa 100, kwa miaka ya ishirini ni chini ya 1 kwa 1000. Lakini wasichana ndio wanazaa wengi, kwa hivyo watoto wengi wa Down wana mama wachanga. Ndio maana huko London profesa Kypros Nicolaides na timu yake miaka ya tisini waliacha kuangalia umri peke yake wakaweka na NT. Umri na NT pamoja zinashika karibu 7 ama 8 kati ya 10, ukiongeza zile hormoni mbili za damu zinafika 9 kati ya 10, na karibu mama 5 kati ya 100 wenye watoto wazima wanashtuliwa bure. Ile ya DNA inashika zaidi ya 99 kati ya 100 kwa trisomi 21 lakini hata hiyo si jibu la mwisho, mmemsikia Mama Jasiri.

Na mama aliyetaja dada yake wa presha, hapo pia wiki ya 12 inahusika. Mama mwenye hatari ya kifafa cha mimba, labda alikipata kwa mimba iliyopita, ama ana presha ya siku zote, ama sukari, ama ugonjwa wa figo, daktari anaweza kumuanzishia asprini ya kiwango kidogo. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2017, walianza wiki ya 11 hadi 14 mpaka ya 36, ile presha mbaya inayolazimisha mtoto atolewe kabla ya wiki 37 ikapungua kwa asilimia 62. Ukianza miezi saba haisaidii. Msinunue tu kwa duka la dawa, muulizeni daktari wenu kama mko kwa hilo kundi.

Mama_Mtarajiwa_Donholm

Nimerudi. Nimetoka skani ya ndani leo, hospitali ingine. Mtoto ako, milimita 14, moyo unapiga, wameniandikia wiki 7 na siku 5. Mikono inatetemeka siwezi kuandika mengi. Mume wangu amekaa hapa kando ameshika ile ripoti haachilii.

Achieng_wa_Komarock

Asante Mungu. Nimefurahi kwa ajili yako, kweli kabisa.

Sonografa_wa_Mtaa

Mungu ni mkubwa. Hiyo damu ya kahawia endelea kuiangalia, na weka miadi ya NT wiki nne kutoka sasa ama tano.

Baba_Roysambu

Daktari tumerudi na ripoti yetu. Naandika venye iko: SLIUP, CRL 61mm, GA 12w4d, FHR 158, NT 1.4mm, nasal bone seen, cervix closed. Hakuna mtu ametueleza, tumepewa bahasha tu. Na kliniki kwa kijitabu walikuwa wameandika kwa hesabu ya hedhi, leo ingekuwa wiki 13 na siku 6. Tufuate gani?

Sonografa_wa_Mtaa

Mtoto ni mmoja, yuko hai, yuko ndani ya mfuko wa uzazi, hiyo ndio SLIUP. Ana sentimita 6 na kidogo, umri wa mimba wiki 12 na siku 4, hiyo ndio GA, moyo mapigo 158 kwa dakika, sawa kabisa. Shingo 1.4 iko chini, mfupa wa pua umeonekana, mlango wa kizazi umefungwa. Ripoti nzuri.

Tarehe, tofauti ni siku 9. Kwa wiki hizi ikizidi siku 7 tunafuata skani. Peleka ripoti kliniki, nesi abadilishe tarehe ya kujifungua kwa kijitabu na aandike kando kwamba ni ya skani ya wiki ya 12.

Baba_Roysambu

Na ile ya wiki ya 20 ikisema tarehe ingine?

Sonografa_wa_Mtaa

Haibadilishwi. Ya wiki ya 20, ya 28, ya 36, zote zitakuletea tarehe zao kwa sababu mashini inakokotoa yenyewe kila ikipima. Hizo ni za kuangalia mtoto anakua vipi, si za kuhesabu upya. Mtu akitaka kukufutia hiyo ya leo muonyeshe ripoti, na piga picha uweke kwa simu zenu wote wawili kabla karatasi haijaloa.